Dakika Ishirini na Mbili Nilizomwandikia Haika

Wiki iliyopita nilimsindikiza binti yangu Neema uwanjani Kisongo. Ndege yake ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi. Ilipofika saa tatu na dakika ishirini bado ilikuwa imekaa palepale, magurudumu yamezuiwa kwa vigingi, na kijana wa kaunta, nadhifu, tai imenyooka, akatutangazia kwamba safari imechelewa kwa sababu ya hali ya hewa. Nikageuza shingo nikautazama Meru. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni, hakuna hata utepe wa wingu. Neema akampigia simu mwenyeji wake huko Dar, akaambiwa jua linachoma.

Kijana wangu, sikukusema. Uliponiamkia niliitikia marahaba, nikakaa kwenye benchi nikacheka kimoyomoyo, kwa sababu uongo huo mimi ni babu yake. Nimefanya kazi ya kuondosha ndege pale kwa miaka thelathini na moja, na hali ya hewa nimeisingizia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini iko siku moja sikuisingizia hali ya hewa. Nilimsingizia mtu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaosimama kaunta sasa hivi, mnaopima mabegi na kubofya vishikwambi, mnisome kabla hamjazeeka na jambo kama langu.

Kwanza kazi yenyewe, maana watu wa nje hudhani ndege huondoka kwa sababu saa imefika. Mzee Lazaro, aliyenifundisha, alikuwa akisema ndege haiondoki kwa saa, inaondoka kwa sahihi. Kaunta asaini kwamba abiria wametimia. Vijana wa mizigo wasaini kwamba mabegi yamepakiwa. Fundi asaini, mtu wa mafuta asaini, na mwisho kapteni asaini karatasi ya uzito. Sahihi moja ikikosekana, ile ni banda la bati tu, hata kama propela inang'aa.

Na ndege ikichelewa zaidi ya dakika kumi na tano, lazima apatikane mwenye hizo dakika. Siku zetu kulikuwa na fomu ya ucheleweshaji, nakala tatu na karatasi ya kaboni katikati. Unaandika dakika zilizopotea, unaandika namba ya idara iliyozipoteza, unaandika jina la mhusika, naye anaweka sahihi. Nyeupe inakwenda makao makuu, ya njano inabaki kituoni, ya waridi anaondoka nayo kapteni, na kwenye kampuni yetu kapteni hakuwasha injini mpaka aione ile ya waridi kwenye mkoba wake. Kaunta walikuwa na namba yao, mafundi yao, mafuta yao. Hali ya hewa ilikuwa na namba yake pia, na kwa kuwa haina jina wala sahihi, kila mtu aliipenda. Mzee Lazaro alisema Mungu ndiye mfanyakazi anayechelewesha ndege nyingi kuliko wote na hajawahi kuitwa ofisini.

Kila Jumatatu tulikaa kikao cha kugombania dakika. Fundi anasema yeye alimaliza mapema, kaunta ndio walikuwa bado wanatafuta abiria wa mwisho. Kaunta wanasema abiria walikuwa tayari wote, fundi alikuwa chini ya bawa anaongea na simu. Nimewahi kuona watu wazima wawili, mmoja mzee wa kanisa, wakitupiana dakika sita kwa saa nzima. Ninyi sasa mashine inawagawia lawama yenyewe, na bado mnaidanganya.

Niwape na moja la maarifa hapa kabla sijasahau. Ndege zetu nyingi zilikuwa ndogo, viti kumi na viwili, na kwenye ndege ya hivyo mtu naye ni mzigo, lazima apimwe. Mwezi wangu wa kwanza nilimwuliza mama mmoja mtalii uzito wake, akasema sitini, nikaandika sitini. Kapteni alimwona akipanda ngazi, akaniita pembeni na karatasi mkononi, akaniuliza kwa upole, "Anaeli, huyu ni sitini?" Wakashushwa wote, wakapimwa upya mmoja mmoja, na yule mama hakuniangalia tena. Jioni Mzee Lazaro akanikalisha chini. "Usimwulize mtu uzito wake wala umri wake," akasema. "Mwombe apande mzani, wewe tazama mlima, halafu soma namba haraka." Na kuhusu huo mlima: wingu likikaa shingoni tu, subiri, saa nne litakuwa limepanda. Likishuka mpaka kwenye migomba, waambie abiria wakanywe chai, na hapo hali ya hewa unaiandika bila dhambi.

Sasa nimfikie Haika, maana nimekuwa nikimzunguka tangu mwanzo.

Haika alikuja kwetu kutoka Machame, msichana mrefu, sauti ya chini, amemaliza chuo mwaka huohuo. Mimi nilikuwa ofisa wa zamu tayari, nina miaka mitano kazini, na ndiye niliyemwonyesha wapi pa kutundika koti. Baada ya miezi mitatu alikuwa anafunga ndege, yaani kumaliza abiria, mizigo na karatasi zake, haraka kuliko mimi. Nilijiambia ni bahati ya mgeni. Baada ya mwaka ilikuwa bado bahati ya mgeni.

Nilimchunguza ili nijue anafanyaje, na nitawaambia alivyofanya, ingawa hata leo inanikera kumsifu. Mimi niliangalia karatasi, yeye aliangalia foleni. Kabla mtu hajafika kaunta alishajua nani ana begi gumu lisiloingia tumboni mwa ndege, nani atarudi garini kutafuta pasipoti, nani anaogopa kupanda. Yule wa pasipoti alimwita mbele kwanza. Yule mwoga alimpa kiti cha nyuma ya rubani. Kundi la watu wanane hakulipokea mtu mmoja mmoja, alimshika kiongozi wao na kumaliza wote kwa pamoja. Ni mambo madogo ambayo yeyote angeweza kuyafanya, ila mimi sikuyafanya, na baada ya kuyaona kwake niliona aibu kuyaiga.

Wivu una mwanzo, na wangu ulianzia kwenye redio. Kulikuwa na kapteni mmoja, akiwa bado yuko angani juu ya Monduli anarudi, alipenda kuuliza nani yuko kaunta. Akiambiwa Haika, alisema "asante sana." Akiambiwa Anaeli, alisema "nimepokea." Niliisikia hiyo "nimepokea" kwa miaka mingi. Niliisikia nikila, niliisikia kanisani.

Nikaanza kumwonea wivu hadi kwa vitu visivyo na maana. Mwandiko wake. Namna alivyofunga kaboni isikunjike. Wasaidizi wa jikoni walivyomwekea chai bila kuagizwa. Niliandika kwenye daftari langu dogo muda wake wa kufunga kila ndege na wangu pembeni, nikitafuta siku nitakayomshinda, na nilipomshinda kwa dakika mbili siku ya mvua nilimweleza mke wangu wakati wa chakula. Mama Neema akaweka kijiko chini. "Baba Neema, huyo Haika unamtaja humu ndani kuliko unavyonitaja mimi," akasema. Alidhani ni mapenzi. Ingekuwa afadhali, maana mapenzi huisha.

Ikafika wakati mkuu wetu wa kituo anastaafu, na makao makuu wakasema nafasi ile itakwenda kwa mmoja wetu wawili: mimi kwa ukongwe, Haika kwa kazi. Kulikuwa na sharti moja. Mtu akiwa na fomu tatu za ucheleweshaji kwa jina lake ndani ya miezi mitatu, hafikiriwi. Mimi nilikuwa nazo mbili. Haika naye mbili, zote za siku ambazo mfumo wa tiketi ulikwama, hazikuwa hata kosa lake. Kwa hiyo fomu moja tu zaidi ingemkosesha yeyote kati yetu kile kiti.

Wakamtuma bwana mmoja kutoka makao makuu aje akae nasi wiki nzima atutazame. Alisimama kwenye nguzo ya ukumbini na daftari lake. Siku ya nne asubuhi nikamsikia anamwambia fundi wetu, "Yule dada wa kaunta ni hazina." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nikaenda kaunta na neno hilo, hazina, na ndivyo nilivyoanza kazi siku ile.

Ndege ilikuwa ya saa mbili na nusu kwenda Dar. Abiria kumi na wawili, saba kati yao wazee kutoka Oldonyo Sambu waliokuwa wanakwenda kwenye kikao mchana uleule. Walivaa mashuka yao mazuri, makoti juu yake, na mmoja wao, mfupi, mwenye masikio yaliyotobolewa na kuvutwa, alishika rungu jeusi lililong'aa kwa kushikwashikwa. Huyo alikuwa laigwanani, kiongozi wa rika lao. Kwa watu wa kule rungu lile jeusi si silaha wala pambo. Ndilo cheo chenyewe. Rika zima lilimkabidhi.

Afande wa usalama akasema, na alikuwa na haki kwa kanuni, kwamba rungu haliingii kwenye viti vya abiria. Haika akatoka nyuma ya kaunta amwendee mzee. Nikaona yule bwana wa makao makuu amefungua daftari lake. Nikamzuia Haika kwa mkono.

"Niachie," nikasema. "Hawa mimi nawajua."

Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga, bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwarusha kama wao, na Kimaasai, lugha yao, nilikijua cha salamu na cha kununua mbuzi. Nikamwendea mzee nikasema, "Supai." Akaitikia, "Ipa." Hapo nikaona nimemaliza. Nikalishika rungu mkononi mwake, nikalivuta, nikalifunga lebo ya mzigo kwa ule uzi wa raba, nikampa kijana wa mizigo, nikamwambia mzee kwa Kiswahili cha haraka, "Utalikuta Dar, mzee wangu." Ilinichukua nusu dakika. Nikamtazama bwana wa makao makuu nione kama ameandika.

Mzee aligeuka. Alitembea hadi kwenye benchi la ukutani, akakaa. Wale sita wakamfuata, wakakaa.

Nikatangaza kupanda. Watu watano wakaenda kwenye ndege. Wazee saba hawakuinuka. Nikarudia tangazo. Nikamwendea yule aliyekaa pembeni, kijana kuliko wenzake, labda miaka hamsini, nikamwambia ndege inawasubiri.

"Sisi tunasubiri yeye," akanijibu, akimwonyesha kiongozi kwa kidevu. "Na yeye hawezi kusimama. Atasimama na nini?"

Nikatuma mtu akalilete rungu. Likawa limeshaingizwa tumboni mwa ndege, chini ya mabegi ya watalii, ikabidi mabegi yashushwe moja moja. Saa mbili na nusu ikapita. Saa mbili na dakika thelathini na tano. Nilipoletewa rungu nililichukua mwenyewe nikampelekea mzee, lebo bado inaning'inia. Hakunyoosha mkono.

"Wewe umenivua mbele ya watu," akasema. "Sasa unataka kunivika wewe?"

Yule wa pembeni akainuka, akalipokea kwangu, akaing'oa lebo, akampa kiongozi wake. Na tukawa tumerudi palepale, kwa sababu afande alikuwa bado amesimama mlangoni, na rungu bado haliruhusiwi. Nilianza kusema na afande kwa sauti, naye akaanza kusema na mimi kwa sauti zaidi.

Hapo Haika, bila kuniuliza, akaenda akachuchumaa mbele ya mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, naomba unifundishe, mimi ni mtu wa Machame sijui. Ukienda kwenye boma la laigwanani mwenzako, hili rungu unaliweka wapi?"

Mzee akaligeuza rungu mkononi. "Siweki. Nampa mwenye boma kwa mkono wangu. Nikiondoka, ananipa kwa mkono wake."

"Na ndege ile pale, mwenye boma ni nani?"

Mzee akatazama nje kupitia kioo. Kapteni alikuwa ameteremka, anatembea huku na huko chini ya bawa, anatazama saa. Ndiye yule wa "nimepokea."

"Si yule anayeiendesha?" mzee akasema.

"Basi nakuomba tukampe yeye."

Akasimama. Wote saba wakasimama. Haika akamweleza afande kwamba kitu kitakaa kwa rubani, nyuma ya mlango wake, na afande, ambaye naye alikuwa anatafuta pa kutokea, akasema kanuni inaruhusu. Kapteni alilipokea rungu kwa mikono miwili chini ya ngazi na kuinamisha kichwa. Hakuna aliyemfundisha, nadhani aliona tu uso wa mzee.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo. Naijua lugha ya watu wale, damu yao ninayo robo, na mtoto wa watu kutoka Machame, ng'ambo ya Sanya, amefanya kwa swali moja nisichokifanya mimi. Kama mtu angeniambia wakati ule ndege ile ipate pancha, ningekubali.

Halafu nikaona Haika amekimbia ndani, amebeba mzani mdogo wa akiba, ameuweka chini ya ngazi, anawapandisha wazee mmoja mmoja, yeye akitazama mlima. Anaandika, anafuta, anaandika. Nikasema moyoni, tazama anavyojionyesha, mpaka mzani sasa auchezee mbele ya bwana wa makao makuu. Bwana mwenyewe hata hakuwepo, alikuwa amekwenda kupokea simu tangu zile kelele zangu na afande zilipoanza. Mlango ukawa tayari kufungwa dakika ishirini na mbili baada ya saa yake.

Zaidi ya kumi na tano. Fomu lazima.

Kuandika fomu ni kazi ya ofisa wa zamu. Niliweka kaboni. Niliandika ishirini na mbili. Kwenye sababu nikaandika: abiria kuchelewa kuhudumiwa kaunta. Nikaandika namba ya kaunta. Kwenye jina la mhusika nikaandika Haika, kwa herufi kubwa, mwandiko mzuri kuliko wa siku zote.

Nikaenda nayo hadi kwenye ngazi. Alikuwa anampa kapteni karatasi ya uzito. Nikamwekea fomu juu ya ubao wake. "Saini hapo chini," nikasema, "kapteni anasubiri." Akaitazama. Akanitazama. Akasaini. Kapteni akachukua ya waridi, mlango ukafungwa, propela ikaanza kuzunguka, na mimi kwa miaka kumi na sita nikajiambia kwamba Haika hakuisoma, alisaini tu kwa haraka. Haika, ambaye alikuwa anasoma hadi maandishi ya nyuma ya tiketi.

Nikapata kiti. Ofisi ile ya mkuu wa kituo ina dirisha linalotazama kaunta, na nilikaa pale nikimtazama akifunga ndege zangu kwa wakati. Mnadhani wivu ulikwisha? Uliongezeka. Kila sifa ya kituo iliyokuja kutoka makao makuu ilikuwa na jina langu juu, na nilijua ni ya nani. Baada ya miaka minne akaondoka, kampuni nyingine ikampa ukuu wa kituo chake, kaunta iliyopakana na yetu. Ndege zake ziliondoka kabla ya zangu, kila siku, mbele ya macho yangu, na mimi nikiandika hali ya hewa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata kustaafu alistaafu vizuri kuliko mimi: alijenga Olasiti, ndege zote zinazotua zinapita juu ya bati lake, ilhali mimi Sokon I nasikia pikipiki tu.

Sasa nirudi wiki iliyopita. Neema alipokwisha kuruka, nilimtazama tena yule kijana wa tai na hali yake ya hewa. Nikaona nimechoka. Nikachukua bodaboda, Olasiti si mbali, nikagonga geti la Haika.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, anachambua maharage kwenye ungo. Nywele zimekuwa nyeupe. Akainuka kunipokea, akaniletea kiti, akaniuliza habari za Mama Neema, akaketi tena na ungo wake. Juu yetu ndege ikapita inatua. Hakuinua macho, akasema tu, "Huyo kawahi dakika tatu."

Nikasema kabla ujasiri haujanitoka. "Haika, nimekuja kwa jambo la ile fomu. Ya wale wazee wa Oldonyo Sambu. Zile dakika ishirini na mbili nilikuandikia wewe, nikijua. Zilikuwa zangu. Zote zilikuwa zangu."

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa pembeni.

"Si zote," akasema.

Nikadhani hakunielewa. "Mimi ndiye niliyemnyang'anya mzee rungu."

"Najua, Baba Neema, nilikuwepo. Hizo zako ni kumi na nane. Nne zilikuwa zangu."

"Zako vipi?"

"Wale wazee nilikuwa sijawapima. Walipofika asubuhi niliona haya kuwapandisha mzani, wazee wazima na rungu lao, nikakadiria kwa macho nikaandika. Sasa karatasi inakwenda kwa kapteni, mkono ukanikataa. Ndiyo nikarudi kuchukua mzani. Kama ningewapima mapema, ndege ingefunga kwa kumi na nane."

"Haika, nne haziandikwi hata kwenye fomu. Chini ya kumi na tano hakuna mtu anauliza."

"Haziandikwi," akakubali. "Lakini zilikuwa zangu."

Kisha nikamwuliza nililokuwa nikiliogopa. "Ile fomu uliisoma?"

"Niliisoma."

"Kwa nini ulisaini?"

"Kapteni alishakaa, watu wamefungwa mikanda, wazee wana kikao. Ningesimama pale nigombane na wewe ngazini, zingefika arobaini." Akatikisa ungo. "Usidhani haikuniuma. Nililia siku hiyo hadi mume wangu akataka kuja kwako. Mwaka mzima nilikuwa nakusalimia kwa mdomo tu. Kile kiti kilikuwa changu na ulikuwa unajua."

"Nilijua. Nisamehe."

Akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akanipa mkono. "Nimekusamehe kumi na nane," akasema. "Zile nne huna deni nazo. Kaa unywe chai."

Nilikunywa chai, nikaaga, nikaondoka nimesamehewa, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nawaandikia ili niseme kweli. Nilipokuwa njiani kurudi nilitafuta ile amani ambayo wachungaji husema mtu huipata akiungama, na mahali pake nikakuta wivu, mpya kabisa, mkubwa kuliko ule wa redio na mwandiko na cheo. Yule mwanamke aliibiwa kiti chake kwa dakika ishirini na mbili. Alikaa miaka yote hiyo akijua kwamba nne kati ya hizo ni halali yake, dakika ambazo hakuna fomu, wala mkuu, wala mimi mwenyewe mwizi, aliyezijua. Na siku mwizi alipokuja na kichwa chini kumrudishia zote, akazitenga zile nne akabaki nazo.

Vijana wangu, mimi najijua. Ningekuwa ndiye niliyeketi kwenye kile kigoda, na mtu amekuja kuniomba radhi ya dakika ishirini na mbili, ningezipokea zote.